Ramani ya Nchi za Theluji, Jua la Kahawa Wendani

Wenzetu waliohamia bara na kununua viwanja Kahawa Wendani siku hizi huonyeshana kwenye simu picha za nyumba za Skandinavia: paa la mwinamo mkali lisilo na upenu, kuta nyeusi, vioo kutoka sakafuni hadi darini. Zinapendeza, lakini kila kitu hapo kina sababu ya kwao.

Oslo iko karibu digrii 60 kaskazini mwa ikweta. Wakati wa baridi kali mchana ni mfupi na jua liko chini, hivyo kioo kikubwa huwaletea mwanga. Mwinamo wa paa huteremsha theluji.

Wendani iko kiasi cha digrii moja tu kusini mwa ikweta. Jua la mchana hupita utosini. La asubuhi na la jioni huingia ndani moja kwa moja. Kioo cha magharibi kisicho na kivuli hugeuza sebule kuwa tanuri mwezi wa Februari. Rangi nyeusi huzidisha joto, na bila upenu mvua ya masika huchirizika ukutani.

Mnorwe Karl Henrik Nøstvik alilizingatia jua hilo. Jumba la KICC la Nairobi, alilolibuni pamoja na David Mutiso na kufunguliwa 1973, lina madirisha yaliyokingwa. Wazee wetu wa Lamu walitangulia, kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vya kivuli.

Basi chukua usahili wa ramani hiyo, ila mwambie fundi aongeze upenu, aelekeze vioo vikubwa kaskazini au kusini, na kuta azipake rangi nyeupe. Ramani hubadilishwa, jua halihamishwi.