Sura Zinajulikana, Nyumba Hazijulikani

Jua likishazama Kasongo, mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo, nyumba inayoonyesha filamu hutambulika kwa mlio wa jenereta. Watoto ndio wa kwanza kufika. Wanakaa chini, mbele kabisa, magoti yakigusa ukuta. Nyuma yao vijana wanabanana kwenye mabenchi, na mlangoni wanasimama wasiotaka kulipa lakini wasioweza kuondoka. Kwenye skrini anatokea kijana mtanashati anayesema Kiswahili cha Dar es Salaam, na kabla hajafungua mdomo mara ya pili sauti ya mtoto imeshamtaja: “Kanumba huyo!”

Mara nyingi mtoto anayelitaja jina hilo hakuwa amezaliwa siku mwigizaji wa Tanzania Steven Kanumba alipofariki, tarehe 7 Aprili 2012.

Kiswahili cha pwani kilifika Maniema na misafara ya karne ya 19, enzi ambazo mfanyabiashara Tippu Tip aliifanya Kasongo kuwa makao yake. Filamu za leo zinafuata karibu njia ileile. Zinavuka Ziwa Tanganyika, zinapanda milima kwa pikipiki na magari ya mizigo, zinapita Kabambare, na safari nzima ziko ndani ya kadi ya kumbukumbu ya simu isiyozidi ukubwa wa ukucha. Anayechaji simu za watu kwa sola ndiye mara nyingi anayewahamishia filamu hizo, moja baada ya nyingine, huku mteja akisubiri kwenye kivuli.

Kwa hiyo waigizaji wa filamu hizo ni watu wa nyumbani. Watu wanawaiga wanavyotembea, wanavyokasirika, wanavyoomba msamaha. Lakini mwigizaji naye ana mama, ana watoto au ndugu wanaomtegemea, ana mlango anaoufunga usiku. Je, umaarufu ukiingia kwa mlango huo, unaleta nini ndani?

Mjomba wa kila nyumba

Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Mwaka 2002 alijiunga na Kaole Sanaa Group, kundi la maigizo ya televisheni lililowatoa waigizaji wengi wa Tanzania, na baada ya muda hakuweza tena kupita mtaani bila kuitwa. Mwaka 2006 akacheza Dar 2 Lagos pamoja na waigizaji wa Nigeria, jambo lililoonyesha kwamba filamu ya Kiswahili inaweza kukaa meza moja na filamu za nchi iliyokuwa ikitawala soko la video Afrika nzima. Baadaye akamleta Ramsey Nouah, nyota mkubwa wa Nigeria, wakacheza pamoja Devil Kingdom.

Hata hivyo, kilichomwingiza mioyoni mwa familia ni watoto. Katika Uncle JJ na This Is It aliwapa watoto nafasi ya kuzungumza, kukosea na kuchekesha, naye akakubali kuwa mtu mzima anayesumbuliwa. Wazazi waliokataza filamu za mapenzi waliruhusu hizo. Kanumba akawa mjomba wa kila nyumba, ilhali yeye mwenyewe alifariki akiwa na miaka 28, hajaoa.

Alifia nyumbani kwake Sinza, usiku, baada ya kuanguka wakati wa ugomvi. Siku tatu baadaye maelfu ya watu walijaa viwanja vya Leaders, Kinondoni, kumuaga. Msichana aliyekuwa naye usiku ule, mwigizaji kama yeye, alihukumiwa mwaka 2017 kifungo cha miaka miwili kwa kuua bila kukusudia. Kwa miaka mitano na zaidi, kila hatua ya kesi hiyo iliandikwa, ikajadiliwa vijiweni na kubishaniwa na watu wasiowahi kumwona yeyote kati yao. Mama yake Kanumba, Flora Mtegoa, aliomboleza mbele ya kamera. Familia nyingine ikifiwa hufunga mlango baada ya matanga. Kwake yeye mlango haukufungika, kwa sababu watu wengi waliamini kwamba marehemu alikuwa wao pia.

Miaka 60 jukwaani

Amri Athumani alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza angali mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950. Watu walimjua kwa jina la Mzee Majuto, au King Majuto. Alipita katika vikundi vya ngoma na maigizo, akaingia kwenye kanda za video, kisha kwenye diski, kisha kwenye matangazo ya biashara. Alikuwa na kipawa cha kuchekesha kabla hajasema neno: angesimama tu mlangoni, akatazama chumba, na watu wakaanza kucheka. Vizazi vitatu vilimcheka pamoja, babu na mjukuu kwenye benchi moja.

Mwaka 2018 alipougua, Watanzania waligundua kwamba mzee aliyewachekesha karibu miaka 60 alihitaji msaada wa serikali na wasamaria ili atibiwe. Alipelekwa India, akarudi, na tarehe 8 Agosti 2018 akafariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Alizikwa kwao Tanga. Katika miezi ile ya ugonjwa suala la mikataba lilijitokeza hadharani: kazi zake zilikuwa zimeonyeshwa na kuuzwa kuliko alivyolipwa. Waziri aliyehusika na sanaa, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya wanasheria kuipitia mikataba ya wasanii.

Ili kuelewa tatizo hilo lazima kufahamu biashara ilivyokwenda. Filamu nyingi za Bongo, yaani za Tanzania, zilipigwa kwa siku chache, katika nyumba ya kuazima au kukodi, waigizaji wakija na nguo zao wenyewe. Mtengenezaji alizipeleka kwa msambazaji, akapewa fedha za mkupuo mmoja, akakabidhi filamu pamoja na haki zake. Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Filamu ikiuzwa nakala elfu au laki, ikionyeshwa mwaka mmoja au kumi, mwigizaji alishalipwa mara moja tu, na mara nyingi kwa maneno ya mdomo kuliko karatasi. Ndiyo sababu hadithi moja ilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, angalau iuzwe mara mbili. Nakala za wizi zilipozidi, na simu zilipochukua nafasi ya diski, hata mkupuo ule ukapungua.

Watazamaji wa Kasongo na Kabambare wamo ndani ya hadithi hii, wapende wasipende. Ile kadi ya simu iliyovuka ziwa humlipa mwenye sola na mwenye jenereta. Humfanya Majuto ajulikane hadi vijiji ambavyo hakuvisikia maishani mwake, na haipeleki hata faranga moja Tanga. Kongo ina sheria ya kulinda haki za watunzi tangu 1986, na SOCODA, shirika la kukusanya haki hizo, liliundwa mwaka 2011. Lakini kati ya sheria iliyoandikwa Kinshasa na kijana anayehamisha filamu kando ya soko kuna umbali mrefu, na kijana huyo naye anatafuta chakula cha watoto wake.

Msichana aliyeitwa mchawi

Kwa Wakongo wenyewe, hadithi inayogusa zaidi ni ya Rachel Mwanza. Alitoka Kasai, akakulia Kinshasa, na akiwa bado mtoto aliitwa mchawi na watu wa familia yake mwenyewe. Akafukuzwa. Aliishi mtaani kama maelfu ya watoto wa mji ule, akilala nje na kutafuta chakula kwa siku moja moja, bila kujua kusoma. Alionekana kwanza katika Kinshasa Kids, filamu ya Mbelgiji Marc-Henri Wajnberg. Kisha Kim Nguyen, mwelekezi kutoka Kanada, akamchagua kuwa mhusika mkuu wa filamu Rebelle.

Katika filamu hiyo Rachel ni Komona, msichana wa kijijini anayetekwa na waasi na kulazimishwa kuwaua wazazi wake kwa bunduki. Msituni anaanza kuwaona wafu, na waasi wanaamini kwamba anaona maadui kabla hawajafika. Wanamwita mchawi wa vita. Neno lililomtoa Rachel nyumbani kwao ndilo alilopewa kuigiza mbele ya kamera, na aliliigiza kama mtu anayejua uzito wake. Nguyen alipiga filamu kwa mfuatano wa hadithi bila kuwapa waigizaji habari yote mapema, hivyo hofu ya Komona kuhusu kesho ilikuwa karibu sana na hofu ya mwigizaji.

Februari 2012 Rachel Mwanza alishinda Dubu wa Fedha, tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la Berlin. Mwaka uliofuata Rebelle iliingia katika orodha ya Oscar kwa jina la Kanada, naye akasafiri kwenda Marekani kuhudhuria sherehe. Watengenezaji wa filamu waligharamia makazi na masomo yake. Mwaka 2014 alitoa kitabu cha maisha yake, na baadaye akahamia Montreal.

Habari hii Kabambare haiwezi kusomwa kama habari ya mbali. Huko watu wameona watoto wakibeba bunduki katika makundi ya Mai-Mai. Wameona pia mtoto akilaumiwa kwa kifo cha ghafla au biashara iliyoanguka. Katiba ya Kongo ya 2006 inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu kwa anayefanya hivyo. Rachel alipata kamera iliyomtazama akiwa mtoto mwenye kipawa. Waliolala naye kwenye maturubai hawakuipata.

Kilichofichwa nyuma ya tuzo

Umaarufu huficha pia. Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico mwaka 1983, baba yake, Anyang' Nyong'o, akifundisha huko, kisha akakulia Kenya. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet jukwaani Nairobi. Tofauti na Rachel, yeye alikuwa na nyumba iliyomsomesha na kumsukuma mbele. Tarehe 2 Machi 2014 alipopokea Oscar kwa kuigiza Patsey katika 12 Years a Slave, mdogo wake wa kiume alikuwa ukumbini, na Kenya nzima ilishangilia kama harusi ya binti yao.

Mwaka huohuo madaktari walimkuta na vivimbe 30 kwenye mji wa mimba. Alifanyiwa upasuaji kimya kimya, akaendelea kutabasamu kwenye mazulia mekundu. Mwaka 2025 ndipo alipolisema jambo hilo hadharani, akitaka wanawake waache kuzoea maumivu na utafiti uongezwe. Dunia ilikuwa imemtazama miaka 11 bila kuona. Wanawake wengi wa Maniema wanaijua hali hiyo: maumivu ya kila mwezi yanayofichwa hata kwa mume, kwa sababu mwanamke amefundishwa kwamba ndivyo ilivyo.

Wanne hawa wametoka Shinyanga, Tanga, Kinshasa na Nairobi. Mmoja alikufa kabla ya kujenga familia, mwingine alizeeka akiwa na familia lakini bila mikataba ya kuilinda, wa tatu alifukuzwa na ndugu kisha akapokelewa na wageni, wa nne alilindwa na ndugu lakini akaumwa peke yake. Watazamaji waliona sura zao zikiwa kubwa kuliko ukuta. Hakuna aliyeulizwa kama amelipwa, kama ana pa kulala, kama anaumwa.

Kasongo, filamu ya usiku inaelekea mwisho. Kanumba ameomba msamaha, muziki umepanda, akina mama wanawainua watoto waliosinzia. Majina yanaanza kupanda kwenye skrini, meupe juu ya weusi: walioigiza, aliyeandika, aliyeshika kamera, aliyepika chakula cha siku za kazi. Mwenye jenereta ananyoosha mkono na kuizima, kwa sababu petroli ni ghali na majina hakuna anayeyasoma.