Msitu, salongo na ofisi ya sekta: kweli na uongo Bengamisa

Bengamisa iko kilomita 50 hivi kaskazini mwa Kisangani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kwenye barabara ya taifa namba 4 inayovuka mito ya Tshopo na Lindi kuelekea Banalia na Buta. Ni barabara inayolisha jiji. Kila siku hupita mihogo, ndizi, mchele, majani ya kufungia kwanga (mkate wa mihogo), na makala, yaani makaa ya miti: magunia yaliyopangwa juu ya baiskeli hadi anayeisukuma haonekani. Kisangani ina watu zaidi ya milioni moja, umeme wa bwawa la Tshopo lililojengwa enzi za Wabelgiji hauwatoshi, na masufuria lazima yachemke.

Kwa hiyo swali la nani atunze msitu wa upande huu linagusa kila jiko la mjini. Vijijini kuna watu wanaojitolea, na kuna serikali ya karibu, yaani ofisi ya sekta. Pande zote mbili zinasemwa sana. Mengine ni kweli, mengine yamerudiwa tu mpaka yakazoeleka.

1. "Msitu ni mali ya serikali, mwanakijiji hana lake."
NUSU KWELI.

Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya dola, na hapo hapana ubishi. Lakini kifungu cha 22 cha sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 kinaruhusu jamii ya wenyeji kuomba msitu inaoumiliki kwa mila. Kifungu hicho kilikaa miaka 12 bila utaratibu wa kukitekeleza, hadi amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 ilipotoka. Tangu hapo jamii inaweza kupewa hadi hekta 50,000, bila kulipia hati na bila kikomo cha miaka. Ardhi inabaki ya dola, ila kuutumia na kuusimamia msitu kunakuwa haki ya jamii yenyewe.

Anayetia saini ni gavana wa jimbo, lakini kazi inaanzia kijijini. Wazee, wawindaji na akina mama wanaochuma mboga ya fumbwa hupita msituni pamoja na vijana wenye kifaa cha GPS. Wanataja kijito, kaburi la zamani, kijiji kilichohamishwa, hadi mahali msitu wa ukoo mmoja unapokutana na wa ukoo mwingine. Jirani lazima akubali mpaka ule. Asipokubali, faili la maombi halisogei, na hapo ndipo chifu wa sekta anapohitajika kuliko mtu mwingine yeyote.

2. "Salongo ni kujitolea."
UONGO, ingawa ingeweza kuwa kweli.

Jina la salongo lilienea nchi nzima miaka ya 1970, Rais Mobutu alipoigeuza kazi ya pamoja kuwa wajibu wa kila raia. Nyuma yake kulikuwa na kumbukumbu chungu zaidi. Agizo la mwaka 1917 la serikali ya kikoloni liliwalazimisha wanakijiji kulima mazao ya serikali, kama pamba na mpunga, hadi siku 60 kwa mwaka. Asiyelima alipigwa faini au alifungwa. Kwa hiyo kengele ya salongo inapogongwa leo na watu wakajificha shambani, tusiharakishe kusema ni wavivu. Wengine wamerithi hesabu ya babu zao.

Majirani zetu wa Rwanda wana umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na huo pia ni wajibu kisheria. Wajibu si dhambi, ila tuuite kwa jina lake. Anayejitolea ana uwezo wa kukataa bila kutozwa faini, na ana sauti katika kuchagua kazi. Waiteni watu wakafyeke majani mbele ya ofisi, watakuja wachache wakiwa wamenuna. Waulizeni kwanza kazi gani ianze, pengine watataja chemchemi iliyojaa tope au daraja la magogo lililooza, na watakuja na mapanga yao wenyewe.

3. "Sekta haina pesa, kwa hiyo haina cha kutoa."
Nusu ya kwanza KWELI, ya pili UONGO.

Kwenye karatasi, pesa zipo. Kifungu cha 175 cha Katiba ya 2006 kinazipa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, na sheria ya fedha ya Julai 2011 inataka asilimia 40 ya sehemu hiyo ishuke hadi kwenye miji, komini, sekta na chefferie (maeneo ya machifu wa jadi). Kwa vitendo, pesa hizo huchelewa, hupungua njiani au hazifiki kabisa. Hilo ni lalamiko la nchi nzima.

Lakini tazameni kile ambacho sekta inacho hata sanduku likiwa tupu. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaikabidhi masoko, barabara za ndani na usafi. Ina muhuri. Ina daftari la kuandikia makubaliano ili yasikanushwe kesho. Ina mamlaka ya kuwaketisha koo mbili zinazogombania mpaka. Ina ukuta wa kubandika tangazo la nani ameomba msitu upi, na kodi ya soko ya mwezi huu imekusanywa kiasi gani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mfadhili.

Tatizo lililojificha ni lingine. Sheria ilitaka sekta iwe na baraza lililochaguliwa na wananchi, lakini uchaguzi wa madiwani wa Desemba 2023 uliishia kwenye baadhi ya komini za mijini. Sekta hazikufikiwa. Chifu wa sekta anayeteuliwa kutoka juu hutoa hesabu kwa wa juu. Kikundi cha wanaojitolea kijijini kinachouliza maswali kwa adabu, kila mwezi, kwa maandishi, kinafanya sehemu ya kazi ambayo baraza lingeifanya.

4. "Kujitolea ni bure."
UONGO mtupu.

Mjumbe wa kamati ya msitu akibeba faili hadi Kisangani, kuna nauli ya pikipiki kwenda na kurudi, chakula, fotokopi, na siku mbili tatu akiambiwa "mkubwa hayupo, rudi kesho". Wakati huo shamba lake linaota magugu. Mama anayekuja mkutanoni saa nne ameshachota maji na kutwanga sombe (majani ya mihogo) kabla hajafika, na akitoka hapo anamenya mihogo.

Gharama isiyoandikwa haipotei, bali hutafuta mtu wa kuilipa. Mara nyingi anayejitokeza ni mfanyabiashara wa mbao: leo anatoa nauli, kesho anatoa simu, keshokutwa analeta karatasi ya kutia saini. Kamati iliyoona haya kuomba wanakijiji wachangie nauli hujikuta ikidaiwa miti.

Njia nyingine ipo. Huko Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukitunza hekta 117 za mikoko tangu 2013. Mikoko ile ni ya serikali, lakini jamii ina mkataba wa kuisimamia pamoja na idara ya misitu, na inauza hewa ukaa iliyohifadhiwa. Kazi kubwa ya kamati ni ya kujitolea, lakini gharama zimo kwenye bajeti, na mapato yamekwenda kwenye maji na shule, mambo ambayo kila mtu anayaona. Uzalendo umewasaidia, na hesabu zilizo wazi zimewasaidia zaidi.

5. "Jamii ikipewa msitu, itaumaliza."
INATEGEMEA nani anaitwa jamii.

Mwaka 2009, vijiji vya Kilwa, kusini mwa Tanzania, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii, cha kwanza barani Afrika. Miti yao ya mpingo, ile ya kutengenezea zumari na klarineti, huvunwa kwa mpango, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoamua mapato yafanye nini. Msitu haukuisha. Kilichobadilika ni kwamba mti uliokuwa ukiibwa usiku ulipata mwenyewe.

Congo imeweka kinga yake. Agizo la waziri la Februari 2016 linataka kila jamii yenye msitu iwe na vyombo vinne: mkutano wa jamii yote, kamati ya usimamizi, kamati ya kufuatilia na kukagua, na baraza la wazee. Vyombo hivyo vipo ili wazee watatu na kijana mmoja mwenye pikipiki wasijiite jamii na kuuza magogo wakati wengine wako shambani. Hatari hiyo ipo, tena si ndogo. Ukiona kamati ya usimamizi na kamati ya ukaguzi zina watu walewale, au mnunuzi wa mbao ndiye aliyegharamia faili, simama hapo.

6. "Dawa ya makala ni kupiga marufuku."
UONGO.

Marufuku hupandisha bei na kuongeza vizuizi vya barabarani, huku makala yakiendelea kupita. Afadhali tulitazame tanuru lenyewe. Magogo hupangwa, hufunikwa majani, kisha udongo, na moto huwashwa upande mmoja. Ukiacha matundu makubwa, kuni zinageuka majivu. Ukiziba mno, moto unakufa na mti unabaki mbichi katikati. Tanuru la haraka lenye kuni mbichi hutoa makala kilo 15 au 20 kwa kila kilo 100 za kuni. Kuni zilizokaushwa vizuri, zikapangwa bila mianya na kupata mwangalizi asiyelala, hutoa zaidi. Kila gunia la ziada kutoka kwenye rundo lilelile ni mti uliobaki umesimama.

Kuni zenyewe zinaweza kupandwa. Huko Mampu, kwenye uwanda wa Bateke karibu na Kinshasa, karibu hekta 8,000 za mti wa akasia ziligawiwa familia zaidi ya 300, kila moja hekta 25. Familia hupanda akasia pamoja na mihogo, huvuna mihogo kwanza, kisha baada ya miaka minane hivi hukata miti na kuchoma makala. Akasia hurutubisha udongo, na mbegu zake zikipitiwa na moto huota tena. Upande wetu, mashamba ya miti ya aina hiyo yamepandwa kuzunguka Yangambi. Haki ya mtu aliyepanda kukata na kuuza bila kusumbuliwa njiani ndiyo inayosubiriwa, na karatasi ya sekta inayosema "miti hii ni ya fulani, aliipanda mwaka fulani" ingeondoa nusu ya usumbufu huo.

7. "Siku ya kupanda miti ndiyo kazi yenyewe."
UONGO.

Kupanda ni asubuhi moja, kupalilia ni miaka miwili au mitatu. Mche ambao hauna mwenyewe humezwa na magugu kabla wageni waliokuja kupigwa picha hawajafika nyumbani. Na katika nchi ya mvua kama hii, mara nyingi njia rahisi ni kuacha. Shamba lililopumzishwa hujaa miti ya kombokombo inayokua haraka ndani ya miaka michache, na chini ya kivuli chake miti ya muda mrefu huanza kuota yenyewe. Kijiji kinachokubaliana sehemu ipi isilimwe tena kwa miaka 15, na sekta ikayaandika makubaliano hayo, kimerudisha msitu bila kununua mche hata mmoja.

8. "Bila mfadhili wa nje hakuna kinachodumu."
Kwa kuanza, mara nyingi KWELI. Kwa kudumu, UONGO.

Ramani, mafunzo na safari za wataalamu zina gharama, na vijiji vingi vya Tshopo vimesaidiwa na mashirika katika hatua hizo. Lakini mradi una tarehe ya kufungwa. Siku gari la mradi linapoondoka, kijiji hubaki na karatasi chache: hati yenye saini ya gavana, muhtasari wa mkutano uliohifadhiwa ofisi ya sekta, mpango wa usimamizi, na daftari la mapato na matumizi. Zikiwepo na watu wakijua zinasema nini, chifu mpya wa sekta atazikuta na atalazimika kuziheshimu, na vijana wataendelea kujitolea kwa sababu wanaona wanajenga chao. Zisipokuwepo, kila kiongozi mpya ataanza upya, na kijiji kitaitwa salongo nyingine.

Kwa hiyo kwenye mkutano ujao, kabla ya kukubali kubeba panga, mwombeni katibu awasomee daftari la mapato na matumizi mbele ya watu wote.