“Kwetu Haiko”

Mimi ni muuguzi wa maradhi ya akili huku pwani ya Kenya, na maswali ya dawa hayaniumizi kichwa. Linaloniumiza ni la mama aliyemleta kijana wake anayesikia sauti, akangoja daktari atoke, kisha akanivuta kando: “Sista, niambie kweli, hii imetoka upande gani? Kwetu haiko.” Baba naye ukimpata peke yake atakuapia kwamba kwao haiko. Wote wawili wanawafikiria mabinti zao ambao bado hawajaposwa. Huku kwetu posa ikifika, watu hupeleleza kabla ya kujibu: kwao kuna kifafa? Kuna wazimu?

La kuwajibu nimelipata Afrika Kusini. Mwaka 2020 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Mary-Claire King na wenzake. Huyu ni yule mama Mmarekani aliyeonyesha mwaka 1990 kwamba kuna saratani ya matiti inayorithiwa kupitia jeni moja, ambayo leo inaitwa BRCA1. Safari hii walichunguza vinasaba vya Waxhosa 909 wenye skizofrenia, maradhi yanayoweza kumfanya mtu asikie sauti, na wengine 917 wasio nayo. Wagonjwa walikutwa na hitilafu nyingi zaidi katika jeni zinazohudumia sinapsi, yaani pale seli moja ya ubongo inapoipokeza nyingine ujumbe. Hitilafu zenyewe ni adimu, na kila mgonjwa ana zake.

Kwa nini Afrika? Kwa sababu binadamu ameishi hapa muda mrefu kuliko kwingine kote, na vinasaba vyetu vina tofauti nyingi kuliko vya Wazungu, kwa hiyo hata watu wachache wanaweza kufichua mengi. Utafiti mwingine, uliotoka katika Nature mwaka 2022, ulihitaji wagonjwa 76,755, wengi wao wenye asili ya Ulaya. Huo ulitafuta tofauti za kawaida zilizoenea kwa watu, ukapata sehemu 287 za vinasaba zinazohusiana na skizofrenia.

Na hapo ndipo swali la upande linapokosa maana. Mabadiliko hayo ya kawaida hakuna asiyebeba baadhi yake. Mimi ninayo, na mshenga anayepeleleza ukoo wa wenzake anayo. Kila moja husukuma kidogo tu. Anayeugua mara nyingi ni yule aliyekusanya mengi, kwa mama na kwa baba, kisha maisha yakaongeza yake: bangi ya ujanani, au matatizo wakati wa kuzaliwa. Tena kuna hitilafu zinazozuka upya katika yai au mbegu, mama hana na baba hana. Kwa hiyo wale wazazi wanaoniapia huenda wote wanasema kweli. Hata mzazi mmoja akiwa na skizofrenia, katika watoto 10, takriban 9 hawaipati.

Utafiti mwingine wa vinasaba, NeuroGAP-Psychosis, mkubwa kuliko ule wa Waxhosa, ulifika mpaka Kilifi na Eldoret, pamoja na Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Ulilenga watu 34,000, nusu yao wagonjwa. Kilichotolewa ni mate. Unaweza kudhani ni jambo jepesi, mpaka umwone mtu aliyekaushwa kinywa na dawa ameshika kichupa anachotakiwa kukijaza hadi kwenye mstari. Anajisugua mashavu, anangoja, anatema povu, na povu halihesabiwi. Walikuwapo walioogopa kabisa, maana mate, nywele na kucha ndivyo anavyotafuta mchawi. Kabla ya yote mtu alielezwa utafiti, halafu aliulizwa maswali ili ijulikane kama ameelewa. Hilo nililipenda sana. Wagonjwa wangu wamezoea kuamuliwa na wengine.

Kipimo cha vinasaba cha kupimia skizofrenia kwa wachumba hakipo. Nimeshaulizwa na mzee aliyekuwa tayari kukilipia. Dawa zetu nazo bado ni za zamani. Haloperidoli tunayotumia ilitengenezwa mwaka 1958 na watu waliokuwa wakitafuta dawa ya maumivu, na hakuna aliyejua maradhi yenyewe yanaanzia wapi. Jeni za sinapsi zinawapa watengeneza dawa mahali pengine pa kuanzia. Mpaka watoke na kitu, tulicho nacho ni vidonge na sindano ya kila mwezi, na tarehe yake isipitwe.