Chakula kinachoanguka bure kina beyi gani?



Katika kitabu cha Mwanzo tunasoma kwamba Abramu alikaa karibu na mialoni ya Mamre. Mwaloni ni mti mkubwa wa inchi zenye baridi, na kila mwaka unaangusha mbegu ngumu zinazofaa kuliwa. Basi tunaweza kuuliza: kama chakula kinaanguka chini bure, juu ya nini watu wa Ulaya na Marekani wanalima ngano kwa jasho? Tueleze sababu mbili.

Ya kwanza ni uchungu. Mbegu ile iko na tanini nyingi, haiwezi kuliwa vile ilivyo. Wenyeji wa California, Marekani, waliishi kwa chakula hiki miaka mingi sana. Waliokota, wakaanika, wakabanja ganda, wakatwanga, kisha wakamwagia unga maji mara nyingi mpaka uchungu utoke. Pahali pamoja pale pako jiwe lenye mashimo 1.185 ya kutwangia. Kazi hii yote ilifanywa na mikono ya jamaa, bila mshahara. Kama kiwanda kingelipa kila mkono, unga ule ungeshinda ngano kwa beyi.

Ya pili ni mti wenyewe. Mwaloni unaweza kungoja miaka 20 na zaidi mbele ya kuzaa. Tena mwaka mmoja unazaa sana, mwaka unaofuata kidogo tu. Mfanyabiashara hawezi kuahidi wanunuzi wake kitu.

Hata hivyo wako wanaopata faida. Katika Korea ya Kusini wanatoa wanga wa mbegu hizi na kupika chakula laini chenye kutetemeka, kinachouzwa sokoni. Watu wanakipenda, basi wanalipa. Katika Uhispania wanaachilia nguruwe chini ya mialoni tangu mwezi wa kumi. Nguruwe anakula kilo 10 hivi ili aongeze kilo 1 ya uzito. Ni nyingi, lakini anajiokotea mwenyewe, na mshahara haombi! Nyama ya paja lake inauzwa beyi kali sana.

Kumbe chakula cha bure hakiko. Beyi yake ni kazi ya kuondoa uchungu, na lazima mtu ailipe.

Sisi pia tunajua jambo hili, kwa sababu tuko na muhogo mchungu. Sumu yake inatoka tukiuloweka siku 3 hivi na kuuanika vizuri. Katika Bandundu, miaka ya 1980, biashara ya muhogo na Kinshasa ilikua sana. Wengine walipunguza siku za kuloweka ili wauze mbio. Ndipo ugonjwa wa konzo ulipopiga watu katika vijiji, zaidi watoto na wamama: miguu inalemaa ghafula, inakakamaa, na haiponi tena. Wale waliokula muhogo ulioharakishwa ndio waliolipa ile kazi iliyoachwa.

Kwa hiyo, wandugu, tukitumwa sokoni kununua unga, tusimgombeze mama anayeomba franka kidogo zaidi kwa sababu aliloweka siku zote. Ile franka ni beyi ya miguu yetu.