Je, Wajua? Gari Lishuke Sentimita Tatu Tu

Je, wajua kwamba gari lako hushuka kila siku bila fundi na bila wewe kutoa hata shilingi? Chukua gari dogo ambalo kila springi hubonyea milimita 1 kwa kila kilo 2 za mzigo. Pakia watu wanne wa kilo 70 kila mmoja, na gari zima limeshuka sentimita 3 na nusu! Ndiyo, hao hao unaowapa lifti asubuhi. Kumbuka hesabu hiyo siku utakapotaka kulishusha kwa springi, maana abiria watapanda juu ya hizo sentimita ulizokwisha kuziondoa.

Vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko, kule Los Angeles, walilijua hilo miaka ya 1940. Hela za gereji hawana, gari la chini wanalitaka. Wakajaza mifuko ya mchanga kwenye buti, gari likalala. Mchanga!

Polisi hawakupenda. Tarehe 1 Januari 1958 California ikaanza kutumia sheria kwamba gari lililoshushwa lisiwe na sehemu yoyote iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Sasa sikia. Mwaka 1959, kijana aitwaye Ron Aguirre alifunga pampu za haidroliki, vipuri vya ndege, kwenye Chevrolet Corvette yake. Polisi akitokea, swichi inabonyezwa, gari linainuka lenyewe na sheria imetimia palepale barabarani!

Unajua sheria hiyo ilidumu miaka mingapi? 66. Ilifutwa kuanzia tarehe 1 Januari 2024.

Haya, tuje kwenye springi yako. Watu wengi hudhani springi ikikatwa inalegea. Wapi! Inakuwa ngumu zaidi. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi, ukikata mmoja, ugumu umepanda kwa asilimia 14. Kata miwili, umepanda kwa asilimia 33! Waya ni ule ule na chuma ni kile kile, ila mzigo sasa unabebwa na mizunguko michache.

Na je, wajua kwamba waya wa springi haupindi unapobonyezwa, bali unajisokota? Springi ni fimbo ndefu ya chuma iliyozungushwa ili ienee mahali padogo. Inyooshe springi ya mizunguko 6 yenye upana wa sentimita 15, na utashika mkononi fimbo ya karibu mita 3. Hiyo yote imejificha juu ya tairi moja!

Unene wa waya ndio utakaokutoa jasho. Ukipanda kutoka milimita 12 hadi 13, milimita moja tu, ugumu unaongezeka kwa asilimia 38! Ndiyo maana ukienda kutafuta springi za mtumba Kirinyaga Road pale Nairobi au Gerezani pale Dar, usiangalie urefu peke yake. Springi mbili za urefu sawa zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa, na jicho lako halitaiona hiyo milimita moja. Beba kalipa, pima waya, halafu ndipo uanze kupatana bei.

Kuna fundi atakayekuambia, "Tupige gesi, itashuka yenyewe." Mwambie asante, hapana. Chuma cha springi kilipashwa moto, kikapozwa na kupashwa tena kiwandani kwa vipimo vikali ili kibonyee na kurudi mara mamilioni. Mwali wa gesi unaifuta kazi yote hiyo kwa dakika chache, na springi iliyopoteza nguvu haisimami pale ulipopataka: inashuka leo, inashuka na mwezi ujao. Kushusha kwa bei nafuu kunawezekana, nalitetea hilo kwa moyo wote, lakini njia hii ndiyo ya kuikataa kabisa.

Halafu, tafadhali, heshimu ile springi inapotolewa. Springi inayohitaji kilo 2 na nusu kwa kila milimita, ukiibana sentimita 15, inahifadhi nguvu sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 unaoanguka kutoka urefu wa sentimita 56. Fundi anayeifungua bila vibanio vya springi anacheza na mfuko huo usoni mwake!

Kanuni inayotuwezesha kupiga hesabu zote hizi ni ya Mwingereza Robert Hooke, naye aliificha. Mwaka 1676 alichapisha herufi tu zilizochanganywa, ceiiinosssttuv, ili asiibiwe ugunduzi wake. Mwaka 1678 akazipanga kwa Kilatini zikasomeka kwamba kadiri springi inavyovutwa ndivyo nguvu yake inavyokuwa. Miaka miwili mizima kanuni ya springi ilikuwa fumbo!

Unataka kushusha gari bila kugusa springi? Soma ubavu wa tairi lako. Kama limeandikwa 195/65R15, ubavu wake ni asilimia 65 ya milimita 195, yaani milimita 127 hivi. Funga 195/50R15 kwenye rimu hiyo hiyo, na gari limeshuka karibu sentimita 3, springi zikiwa kama zilivyotoka kiwandani! Ila subiri, hapa pana mshangao mwingine. Tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi, kwa hiyo spidomita ikisoma 100, wewe uko kwenye 91 tu. Na kila kilomita 1,000 unazosafiri kweli, gari linahesabu 1,100. Kabla hujalipa, hakikisha pia kwamba tairi jipya linabeba uzito uleule. Namba yake iko hapo hapo ubavuni.

Tairi, hilo hilo, hukanyaga ardhi kwa kipande kidogo ajabu. Gari la kilo 1,000 lenye upepo wa 32 kwenye kila tairi linagusa lami kwa eneo la sentimita 10 kwa 11 hivi kwa kila tairi. Vipande vinne vya namna hiyo, basi! Kila breki na kila kona unayopiga vinategemea hapo.

Ndiyo maana alaimenti baada ya kushusha gari si anasa. Gari likishuka, mikono ya chini ya magurudumu hubadili pembe na matairi hugeuka kidogo bila wewe kugusa usukani. Tuseme tairi limegeuka milimita 3 tu, ukilinganisha ukingo wake wa mbele na wa nyuma. Kwa kila kilomita moja, tairi hilo linaburutwa mita 5 ubavu ubavu! Endesha kutoka Dar hadi Morogoro, kilomita 190 na kitu, na tairi lako limeburutwa kiubavu karibu kilomita nzima. Hujaamini? Pitisha kiganja ukingo wa ndani wa tairi la mbele la gari lililoshushwa likaachwa bila alaimenti. Upande mmoja utateleza laini, upande wa pili utakukwaruza kama umepigwa tupa. Kwa nje tairi linaonekana zima kabisa, kumbe ndani nyuzi zinachungulia.

Shokapu nazo! Kama shokapu ilikuwa na sentimita 8 za kupanda kabla ya kugonga raba yake ya mwisho, ukishusha gari sentimita 3, zimebaki 5. Kile kishindo cha "du!" kila ukiingia shimoni ni raba hiyo ikipigwa. Pima kabla hujanunua: shika futi kamba, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, andika namba za pande zote nne. Utashangaa kuona hata gari ambalo halijaguswa lina tofauti kati ya kulia na kushoto.

Na kona je? Gari ambalo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 54 juu ya lami, ukilishusha sentimita 3, uzito unaohama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje kwenye kona unapungua kwa asilimia 6 hivi. Sita tu! Wengi hushusha gari kwa sababu linapendeza, na mimi naona hiyo ni sababu tosha.

Sasa matuta, adui wa kila aliyeshusha gari. Je, wajua kwamba mmoja wa waliochora matuta ya mwanzo alikuwa mshindi wa Nobeli? Arthur Holly Compton alipata tuzo ya fizikia mwaka 1927, na mwaka 1953 akabuni matuta ya kupunguza mwendo kwenye Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis. Alikuwa amechoshwa na madereva wanaokimbiza magari chuoni!

Tuta lililojengwa kwa vipimo, lile la Kiingereza la miaka ya 1970, lina urefu wa mita 3.7 na kimo kisichozidi sentimita 10. Gari lenye mita 2.6 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma likisimama katikati yake, tumbo linahitaji sentimita 5 tu za nafasi, kwa sababu magurudumu yenyewe yamepanda juu ya tuta. Tano! Tunachokwaruza sisi ni lile tuta fupi lililorundikwa usiku mmoja, ambalo linapita lote chini ya tumbo huku magurudumu yakiwa chini pande zote mbili. Hapo sentimita 10 ni 10 kamili, na sampu ya oili haina pa kukimbilia.

Kwani magari yetu yalikotoka wanasemaje? Japani, gari halipiti ukaguzi kama lina nafasi chini ya sentimita 9 kutoka ardhini. Ukaguzi wa kwanza wa gari jipya ni baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Kwa hiyo kama Altezza au Mark X uliyoagiza imefika bandarini ikiwa tayari imeshushwa, usishangae. Huenda ilipita ukaguzi wa huko mara kadhaa ikiwa hivyo hivyo.

Hii hapa ndiyo niipendayo kuliko zote. Mwaka 1997, dereva Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya akiwa na Subaru Impreza iliyoinuliwa kwa ajili ya mawe na matope. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, akashinda mbio za Corsica kwa Impreza ya aina ile ile, safari hii ikiwa imeshushwa kulalia lami. Gari moja kwa jina, vimo tofauti, ushindi mara mbili! Ukimsikia mtu anabisha kama Subaru ipandishwe au ishushwe, muulize kwanza inakwenda wapi.

Tena si kila gari hukalia chuma: Mini ya kwanza ya Uingereza, ya mwaka 1959, haikukalia springi ya chuma hata moja. Ilikalia vipande vya raba! Wenye mfuko mwembamba waliishusha kwa kukata kidogo kile kipande kinachosukuma raba.

Citroën DS ya Ufaransa, ya mwaka 1955, ilikalia gesi na mafuta, na dereva alibadili kimo kwa kuvuta wenzo mmoja tu akiwa amekaa kwenye kiti. Siku ya kwanza ya maonyesho Paris ilipata oda 12,000. Mwaka 1962 risasi zilipasua matairi ya DS iliyombeba Rais de Gaulle, na bado gari likaondoka mbio likamwokoa.

Ford GT40, je? Hiyo 40 ni kimo chake kwa inchi, yaani mita 1 na kidogo. Mwaka 1966 magari hayo yalimaliza mbio za Le Mans yakiwa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Lakini hata GT40 ni ndefu mbele ya Mirai, gari lililozinduliwa mwaka 2010 na walimu na wanafunzi wa sekondari ya Okayama Sanyo, Japani. Kutoka ardhini hadi kilele chake ni sentimita 45.2, na linaruhusiwa barabarani!

Moja zaidi, na hili lifanye leo jioni. Ukishusha mbele sentimita 3 na nyuma ukaiacha, taa zako zimeinama. Taa iliyokuwa ikimulika lami hadi mita 65 sasa inaishia chini ya mita 30! Umepoteza zaidi ya nusu ya mwanga wako kwa sentimita tatu tu. Dawa yake haina gharama: nyuma ya kila taa kuna skrubu ya kupandisha na kushusha mwanga. Simamisha gari mbele ya ukuta kabla hujashusha, weka alama ya chaki pale mwanga unapokatikia, kisha ukishamaliza kazi rudi pale pale, umbali ule ule, na uzungushe bisibisi. Mwanga ukae ulivyokuwa kwenye chaki, ukishuka tu kidogo kama taa yenyewe ilivyoshuka.

Chaki unayo?