Baada ya Matanga, Kipimo

Kaka yetu hakuwahi kuonja pombe, lakini alipofariki kwa ugonjwa wa ini nusu ya waombolezaji walimtafutia chupa. Nusu nyingine walimtafutia mchawi. Chini ya turubai hakuna anayekosa ushahidi.

Majibu ya hospitali hayakuwa na mvuto huo: homa ya ini aina ya B, sugu, iliyoliachia ini makovu na hatimaye saratani. Sisi tulisikia saratani tu, mengine yakatupita. Kumbe saratani ilikuwa hatua ya mwisho ya maambukizi ambayo huenda aliyapata siku aliyozaliwa.

Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa virusi hivi, mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe. Wanaobaki navyo hawafiki 5 kati ya 100. Kwa mtoto anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, mambo ni kinyume: takriban 90 kati ya 100 hubaki navyo. Kinga yake bado haijajua adui ni nani, hivyo inaviacha. Miaka mingi baadaye ndipo inapozishambulia seli zilizobeba virusi, na mashambulizi hayo ndiyo hasa yanayolijeruhi ini. Nalo ini ni kiungo kisicholalamika. Mwenye nalo analima, anaoa, anafunga Ramadhani. Tumbo likija kujaa maji na macho kuwa ya manjano, uharibifu ni wa siku nyingi.

Makaburini msemaji wa familia alitangaza, kama ilivyo ada, kwamba anayemdai marehemu aje aonane na ndugu. Alijitokeza fundi wa milango na mwenye duka la mbolea. Kwamba huenda sisi tuliochangia naye tumbo tunao ugonjwa uleule, hilo halikutangazwa na yeyote. Mama alishatangulia, hawezi kupimwa. Tuliobaki tulikwenda baada ya arobaini. Muuguzi alimtoboa mdogo wetu kidoleni, tone la damu likadondoshwa kwenye kile kipande cha plastiki, tukakaa tukijifanya tunasoma mabango ya uzazi wa mpango. Mistari ikatoka miwili.

Alilia kana kwamba keshazikwa. Daktari alimwacha amalize, kisha akamweleza kwamba sasa unapimwa wingi wa virusi na hali ya ini, maana si kila mwenye virusi huanza dawa papo hapo. Anayehitaji hupewa tenofovir, mojawapo ya dawa wanazotumia pia wanaoishi na VVU. Haiviondoi virusi moja kwa moja, ila inavituliza na kupunguza sana hatari ya makovu na saratani. Asiyehitaji hurudi kliniki kwa uangalizi. Nyumbani, hata hivyo, alikuwa ameshaletewa chupa tatu za dawa ya kusafisha ini, zote za rangi ya kahawia na zote bila lebo. Kwa ini lenye virusi, chupa ya namna hiyo inaweza kuwa mzigo wa pili.

Wifi mmoja alimtengea kikombe na sahani. Virusi hivi haviambukizi kwa chakula wala kwa kupeana mkono. Njia zake ni damu, ngono, mama kwa mtoto. Nje ya mwili vinaweza kuishi hata siku 7. Kikombe kikafungiwa kabatini, na wembe ukaendelea kukaa bafuni, wa watu wote.

Chanjo ipo duniani tangu miaka ya 1980. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo, yaani karibu wote wanaokaa vikao vya ukoo, hawamo. Hata kwa mtoto, dozi ya wiki ya 6 imechelewa ikiwa mama anavyo virusi: tangu 2009 Shirika la Afya Duniani linataka dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Mwaka 2022 shirika hilo lilikadiria watu milioni 254 wanaishi na homa ya ini B sugu. Wengi wao hawajui.

Basi kama mmezika mtu wa ini, mkishamaliza madeni na mirathi, nendeni mkapime: mama akiwa hai, ndugu wa tumbo moja, mjane au mgane, watoto. Atakayekutwa hana virusi wala kinga achanjwe. Ni sindano tatu ndani ya miezi sita.