RTX 3090 iliyotumika: ipime kwanza, lipa baadaye

Mfanyabiashara anayefunga mzigo wa kompyuta Dubai kuleta Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura hukutana na kishawishi kimoja: kadi kubwa ya grafiki iliyotumika, bei imeshuka. Mojawapo ni GeForce RTX 3090 ya kampuni ya NVIDIA ya Marekani. Ni bidhaa nzuri, lakini kadi moja mbovu humeza faida ya kadi kadhaa nzima, na ukishavuka mpaka muuzaji yuko mbali.

Kadi hii ilitoka Septemba 2020 kwa dola 1,499. Ina kumbukumbu ya GB 24, ndiyo maana bado inatafutwa na wacheza gemu na wahariri wa video. Inakula umeme wa wati 350, na NVIDIA inashauri pawa saplai ya wati 750. Mweleze mteja hilo kabla hajalipa, la sivyo atarudi dukani akilalamika kwamba kompyuta inajizima.

Nyingi zilizoko sokoni zilitumika kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliachana na uchimbaji wa aina hiyo, wachimbaji wakaanza kuuza vifaa vyao. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Adui ni joto. Nusu ya chipu za kumbukumbu za 3090 ziko upande wa nyuma, mbali na feni, na huko ndiko moto huanzia.

Kwa hiyo usinunue kwa macho. Kagua skrubu zilizokwaruzwa, kutu na feni zinazotikisika, kisha omba kadi iwekwe kwenye kompyuta. Programu ya GPU-Z, ambayo ni ya bure, ikuonyeshe MB 24,576 za kumbukumbu na viini 10,496. Namba zikipungua, hiyo si 3090.

Halafu fungua MSI Afterburner, urudishe kila kitu kwenye kasi ya kiwandani. Muuzaji mjanja huweza kupunguza kasi ili kuficha udhaifu. Iendeshe kadi kwa nguvu zote nusu saa, huku HWiNFO ikionyesha joto la kumbukumbu. Kioo kikitoa vidoa au mistari, au kompyuta ikijizima, iache.

Hapa kuna hesabu ambayo wengi huisahau. Duka la Dubai lina kiyoyozi, pengine nyuzi 22. Chumba cha mteja wako Dar kinaweza kufika nyuzi 32, na joto la kadi hupanda karibu kwa kiasi hicho hicho. Kumbukumbu ya 3090 ikifika nyuzi 110, kadi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Hivyo iliyosoma 100 dukani itakuwa ukingoni ikifika kwa mteja. Dai punguzo la gharama ya kubadilisha pedi za joto, au chagua nyingine.

Muuzaji akijisifu kwamba kadi yake inasukumika kupita kasi ya kiwandani, usiongeze bei. Kwa kawaida faida yake kwenye gemu ni asilimia chache tu, wakati wati na joto vinapanda. Tena kadi mbili za aina moja hazisukumiki sawa. Kwa mteja wa miji yetu yenye joto, kadi tulivu ni bora kuliko kadi ya rekodi. Anayetaka kuisukuma aisukume mwenyewe, na waranti yako ya duka iandikwe hivyo.

Mwisho, namba ya kadi iandikwe kwenye risiti, nawe uipige picha pamoja na matokeo ya kipimo. Karatasi hiyo itakusaidia forodhani kuonyesha ulichonunua na bei yake, na itakusaidia dukani mteja akikurudishia kadi ambayo si yako.